Kidonda cha Kinywa na Mwani Wetu

Kidonda cha mguuni hufungwa bendeji kikapona. Cha kinywani hakifungiki. Mate hutoka usiku na mchana, kiasi cha nusu lita hata lita moja na nusu kwa siku, ulimi hautulii, na dawa ipakwayo humezwa muda si muda.

Kwa hiyo tunaipokea kwa furaha kazi ya wataalamu wanaotengeneza haidrojeli zinazonata, yaani jeli zishikazo maji mengi bila ya kuyeyuka, ziwezazo kugandama juu ya nyama iliyorowa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitangaza jeli waliyoibuni kwa kuuigiza ute wa konokono asiye na gamba. Haikukusudiwa kinywa peke yake, lakini ilishika hata juu ya moyo wa mnyama uliotapakaa damu. Wengine wamejifunza kwa kome, ambao mawimbi hayawabandui mwambani.

Linalotuhusu sisi wa visiwani ni kwamba sehemu ya jeli ile ni alginati, nayo hutoka katika mwani. Tusidanganyane: alginati ni ya mwani wa kahawia, na huu tunaoulima kwa biashara tangu mwaka 1989 ni mwekundu, wenye karajinani. Hata hivyo karajinani nayo huganda ikawa jeli, nayo inachunguzwa kwa kazi ya kutibu vidonda. Na bado mwani wetu, jasho la kina mama waliosimama majini tangu bamvua hadi bamvua, huondoka bandarini kwa wingi ukiwa mkavu tu, ndani ya magunia, kwa bei isiyolingana na taabu yake.

Hatudai kiwanda cha dawa kesho. Tunachoomba ni kwamba Wizara ya Afya, wanaosimamia uchumi wa buluu na wataalamu wetu wa bahari wakutane, waanze japo na maabara moja ya kupima usafi wa karajinani, kwani kinachofaa kwa chakula hakifai moja kwa moja kwa kidonda.

Lipo na la tahadhari. Kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki mbili au tatu si cha kufunikwa kwa jeli yoyote, bali ni cha kupelekwa kwa daktari, hasa kwa watafunaji wa tambuu. Popoo imetangazwa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa inasababisha saratani, hata bila ya tumbaku. Jeli hizi zitakapofika madukani mwetu, wahusika wahakikishe kuwa onyo hilo limeandikwa juu ya paketi, na kwa Kiswahili.