Figo Zikichoka, Moyo Nao Hulemewa



Mtu akiambiwa kwamba figo zake zimedhoofika, sisi jamaa zake twafikiri mara moja juu ya mashine ya kusafisha damu na gharama yake. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini twasahau jambo zito: wengi wenye ugonjwa sugu wa figo huuawa na ugonjwa wa moyo kabla hata ya kuifikia mashine hiyo.

Sababu zake zaeleweka. Figo ndizo zitoazo mwilini maji na chumvi iliyozidi. Zikishindwa, maji hujaa, shinikizo la damu hupanda, nao moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu kupita kiasi, hata ukuta wake ukawa mnene na mgumu. Damu hupungua, kwa kuwa figo husaidia mwili kuitengeneza. Potasiamu ikirundikana, mapigo huvurugika na moyo waweza kusimama ghafula.

Kwa hiyo twasema wazi: upendo wetu kwa wagonjwa wahitaji elimu. Mara ngapi tumempelekea mgonjwa makayabo, eti apate nguvu, kumbe kwa chumvi ile twauongezea moyo wake mzigo? Mara ngapi tumemshauri aache vidonge vya shinikizo kwa sababu anajisikia vizuri? Mara ngapi tumemnunulia sokoni diklofenaki ya kutuliza maumivu, nayo yaumiza figo na kupandisha shinikizo? Hatukukusudia mabaya, lakini nia njema haiondoi madhara.

Wako watakaosema kwamba hayo ni kazi ya waganga, tena umaskini watubana. Umaskini ni kweli. Hata hivyo, kupima shinikizo na mkojo ni gharama ndogo mbele ya mashine, ambayo kwa kawaida humdai mgonjwa mara 3 kwa juma, saa 4 hivi kila mara. Wakati wa matanga twachanga bila kuambiwa. Tushindwe kuchangia kipimo kimoja cha shinikizo kwa jumuiya nzima? Wenye kisukari na wenye shinikizo wapimwe mapema. Na mgonjwa wa figo akikosa pumzi alalapo au akiumwa kifua, apelekwe hospitali saa ileile.

Kumtembelea mgonjwa ni tendo la huruma. Tukifika kwake, tuulize kwanza kama amemeza dawa zake, na kama hana, tuanzie hapo mchango wetu.