Wafanyabiashara wa Songea wasomeshe wahasibu wao

Kalenda ya mfanyabiashara wa Songea inafahamika. Mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka ni msimu wa mbegu na mbolea; kuanzia Mei mahindi hukauka na magunia huanza kuingia mjini; kisha hufuata kahawa ya Mbinga, ufuta, soya na mbaazi. Lakini kuna miezi miwili katika kalenda hiyo ambayo wengi hawaiwekei alama, ingawa inagusa mifuko yao moja kwa moja. Ni Mei na Novemba, wakati Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) inapoendesha mitihani yake.

Bodi hiyo iliundwa kwa sheria namba 33 ya mwaka 1972 na kuanza kazi mwaka 1973. Ndiyo inayotoa sifa ya CPA(T), ambayo bila hiyo mtu hawezi kuthibitisha mahesabu ya biashara ya mwingine, hata awe na shahada ngapi ukutani. Mfanyabiashara wa mkoani huikumbuka siku anapodaiwa mahesabu na ofisi ya kodi au benki. Siku hiyo huwa amechelewa.

Mwaka 2019 Bunge lilipandisha kiwango cha mauzo ambacho mfanyabiashara binafsi akikivuka hulazimika kupeleka mahesabu yaliyothibitishwa na mhasibu mwenye sifa, kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka. Wengi walipumua. Hata hivyo, milioni 100 ni mauzo ya kama shilingi 320,000 kwa siku kwa anayefungua duka siku 26 kwa mwezi. Duka la pembejeo au la vifaa vya ujenzi lenye wateja wa kawaida hulivuka hilo bila mwenyewe kujua, kwa sababu mauzo siyo faida. Kampuni zilizosajiliwa nazo zina wajibu wao wa kukaguliwa.

Anayebanwa ghafla hukimbilia kwa kishoka. Huyu huchukua risiti chache, hutunga mizania inayopendeza macho, na hutoweka. Mahesabu hayo yakikataliwa, kodi na adhabu humfuata mwenye duka, si aliyeyaandika. Njia nyingine ni kuagiza mhasibu kutoka mbali na kumlipia nauli, malazi na siku zake, halafu akae siku tatu akijaribu kuelewa daftari ambalo karani wa dukani analifahamu kwa moyo.

Swali la kibiashara ni hili: kwa nini karani huyo asiwe ndiye CPA?

Njia ipo na iko wazi. Asiye na shahada anaweza kuanzia ngazi ya mafundi wa uhasibu na kupanda. Mwenye shahada ya fani nyingine huanzia ngazi ya msingi, na mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati. Juu kabisa ni ngazi ya mwisho yenye masomo manne: taarifa za fedha za makampuni, ukaguzi, fedha za biashara, na kodi. Akimaliza, bado anatakiwa awe na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhasibu kamili.

Ugumu wa Songea hauko katika akili za vijana wake. Uko katika mambo matatu yanayoweza kutajwa kwa majina.

La kwanza ni umbali. Madarasa ya marejeo yamejaa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 kutoka hapa. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Mbeya na Mtwara, na Chuo cha Uhasibu Arusha kimefungua kampasi Songea, jambo ambalo ni faraja kubwa. Lakini chuo hutoa stashahada na shahada. Mtihani wa Bodi ni mlima mwingine unaoanzia pale shahada inapoishia.

La pili ni lugha. Daftari la dukani linaandikwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, na tangu Julai 2004 Tanzania inafuata viwango vya kimataifa vya utoaji taarifa za fedha. Karani anayejua kwa mikono thamani ya gunia lililolowa ghalani hushindwa kuieleza katika karatasi ya mtihani.

La tatu halisemwi sana, nalo ndilo zito zaidi. Mei na Novemba ndiyo miezi mibaya kuliko yote kwa karani wa Songea. Novemba mbolea inashushwa na foleni ya wakulima iko mlangoni. Mei mazao yanaanza kuingia, na mwenye duka ambaye mwaka wake wa hesabu huishia Desemba anahesabu siku zilizobaki kabla ya mwisho wa Juni, ambapo ritani ya kodi hutakiwa. Karani akiomba ruhusa ya wiki tatu kujisomea, jibu linajulikana. Matokeo yake ni mtahiniwa anayesoma usiku kwa wiki mbili, anayekwenda kujaribu bahati, anayeshindwa, na anayelipa ada upya kikao kinachofuata. Baada ya vikao vitatu hukata tamaa na kubaki karani.

Dawa ya ugonjwa huu iko mikononi mwa mwajiri, na haihitaji fedha nyingi. Amlipie mtumishi wake ada ya usajili na ya mtihani. Ampe wiki tatu kabla ya mtihani, na aweke mtu wa muda dukani. Kama duka ni dogo, wawili au watatu waungane kumsomesha mmoja atakayewahudumia wote. Vyama vya msingi vya ushirika vinavyouza kwa stakabadhi ghalani vina sababu kubwa zaidi, kwa kuwa malalamiko ya makato na malipo ya wakulima huanzia mahali ambapo vitabu havieleweki.

Wapo watakaosema kwamba kijana akifaulu atapanda basi la kwanza kwenda Dar es Salaam. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inasahau ile miaka mitatu ya uzoefu. Mtahiniwa anahitaji kazi halisi ya uhasibu ya kuonyesha, na mwenye duka anahitaji vitabu safi vya miaka mitatu vya kuonyesha benki. Mahitaji hayo mawili yanaweza kuandikwa katika mkataba mmoja: mwajiri analipa, mtumishi anabaki kwa muda uliokubaliwa, na akiondoka mapema anarudisha gharama. Anayetaka abaki zaidi ya hapo ampandishe mshahara. Hilo ni soko, na wafanyabiashara ndio wa mwisho wa kulilalamikia.

Mtahiniwa naye ana deni lake. Bodi hutoa maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, na taarifa za watahini zinazoeleza watu walikosea wapi. Anayezisoma hizo kwa miezi mitano, akifanya swali zima kwa saa badala ya kusoma jibu na kutikisa kichwa, amepata nusu ya darasa la Dar es Salaam akiwa nyumbani. Maombi pia hufungwa mapema kabla ya mtihani, na vyeti vyenye majina yasiyolingana vimewachelewesha wengi. Hayo yarekebishwe msimu ukiwa umepoa.

Jambo hili haliwahusu wenye maduka peke yao. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998, mwekezaji mdogo wa Songea mwenye hisa chache hana njia ya kuingia katika vyumba vya mikutano ya kampuni yake. Anachopata ni taarifa iliyokaguliwa, na sahihi ya mhasibu chini yake. Marekani ilijifunza thamani ya sahihi hiyo kwa uchungu mwaka 2001, Enron ilipoanguka na kuizamisha kampuni ya ukaguzi ya Arthur Andersen. Mji wenye watu wanaoweza kuisoma taarifa hiyo na kuuliza maswali ni mji wenye wawekezaji wagumu kudanganywa.

Kwa hiyo, kabla ya kikao kijacho, kila mwenye biashara Songea amtazame yule anayemwandikia vitabu na ajiulize maswali mawili: ada ya mtihani wake ni kiasi gani, na kishoka wa mwaka jana aligharimu kiasi gani. Anayejua kutafuta faida hatakosa kuliona jibu.