Kitufe cha Kulipa Kisije Kikapotea

Chukua mfano wa mama wa omena pale Mbita au Muhuru Bay anayelipia mzigo kupitia ukurasa wa intaneti. Jana ukurasa ulikuwa sawa. Usiku simu ikasasisha Chrome yenyewe, na leo kitufe cha kulipa kimejificha chini ya kibodi, au KSh 15000 imekatwa mwisho ikabaki 1500. Hakuna aliyegusa ukurasa. Kilichobadilika ni injini ya kivinjari, ile sehemu inayosoma maagizo ya ukurasa na kuyachora kwenye kioo.

Wanaotengeneza injini hizi wanalijua tatizo. Hitilafu ikirekebishwa huandikiwa jaribio, na jaribio hilo halitupwi. Kila badiliko jipya lazima lipitie hapo. Njia mojawapo ni rahisi sana: kurasa mbili zilizoandikwa tofauti, lakini zinazopaswa kuonekana sawasawa, zinachorwa, halafu kompyuta inalinganisha picha nukta kwa nukta. Chrome, Firefox na Safari zina injini tofauti, ila zinachangia hazina moja ya majaribio iitwayo Web Platform Tests. Kazi nzuri hiyo, hatuna ubishi.

Lakini majaribio hayo yanapima injini, hayapimi ukurasa wako wa kulipa. Hiyo ni kazi yetu sisi watu wa malipo, na kwa maoni yetu, ukurasa uliojaribiwa tu kwenye simu mpya ya ofisini Nairobi haujajaribiwa. Simu za Android 7 ziliachwa kwenye Chrome 119 mwaka 2023, na injini yake imesimama hapo hapo. Opera Mini nayo, ukiiweka ibane data kabisa, ukurasa huchorwa kwenye seva za mbali ndipo utumwe kwako. Kitufe kinachofanya kazi kwenye Chrome kinaweza kulala tu. Sasa, mteja wa Sori ndiye awe wa kwanza kuyagundua haya, tena kwa pesa zake?

Nawe mteja, usikubali ukurasa uwe shahidi wako. Ile arifa inayokuomba PIN inatoka kwa laini, haichorwi na kivinjari. Soma kiasi na jina hapo, polepole, hata kama kuna mtu anakuharakisha. Ukibonyeza na ukurasa ukanyamaza, usibonyeze tena. Angalia SMS au salio kwanza. Na PIN yako usiiandike kwenye ukurasa wenyewe, hata uwe umechorwa vizuri namna gani.