Sponji ya godoro isiwekwe kwenye boneti

Mzazi anayewapeleka watoto shule kwa gari la mtumba afungue boneti akague. Kile kitambaa kinene kilichobanwa kwa ndani hukinga rangi isiharibiwe na joto la injini, na hupunguza kelele. Kikichanika au kutafunwa na panya, wapo mafundi wanaobandika sponji ya godoro. Rahisi kweli, ila sponji hunyonya oili na hushika moto upesi, na watoto wamo ndani! Kapeti ya sebuleni nayo isitumike. Kwa Dar es Salaam, aulizie spea zilizotumika Ilala au Gerezani, kitambaa cha gari la aina ileile, pamoja na vibanio vyake. Akinuse kwanza, kikinuka mafuta, akiache. Gundi pekee haitoshi: ikipata joto hulegea, kitambaa kikaangukia injini.