Nyumba ya Wageni na Bima Yake



Katika miji yetu ya mwambao, Lamu, Malindi, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, limekuwa jambo la kawaida kwa watu kumpangisha mtalii chumba, au ghorofa ya juu, au nyumba nzima, kwa siku tatu au kwa juma moja. Wageni hao hupatikana kwa njia ya intaneti, na fedha zao zimesomesha watoto na kutengeneza dari zilizokuwa karibu kuanguka. Ni chumo la halali kwa yule alindaye mipaka ya dini yake, nasi hatuna neno nalo. Neno letu mwezi huu ni hili: siku nyumba hiyo itakapopatwa na msiba, ni nani atakayelipa?

Wenye nyumba wengi hujibu upesi, "Nyumba yetu ina bima." Jawabu hilo ni jema, lakini halitoshi. Bima ya nyumba ya kukaa hupimwa kwa hatari ya nyumba ikaliwayo na mwenyewe na jamaa zake. Hao waijua nyumba yao: wajua ngazi ilivyo nyembamba, wajua mtungi wa gesi ufungwavyo, na wajua kuwa paa la makuti latoshwa na cheche moja. Mgeni wa usiku mmoja hayajui hayo. Tena aingiapo mgeni mwenye kulipa, nyumba imekwisha kuwa mahali pa biashara, na hati nyingi za bima ya nyumba ya kukaa huyaacha nje madhara yatokanayo na biashara hiyo. Basi mtu aweza kulipa ada miaka kumi bila ya kukosa, na siku ya moto akaambiwa kuwa hana chake.

Wala mtu asidhani kuwa akinyamaza atasalimika. Mapatano ya bima yamejengwa juu ya ukweli. Akataye bima hutakiwa aeleze kila jambo kubwa liwezalo kubadili hesabu ya kampuni, na akilificha, mapatano yaweza kuvunjwa. Nasi Waislamu tulifundishwa hilo zamani. Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta ndani imelowa, akamlaumu muuzaji kwa kuwa hakuiweka juu watu wapate kuiona. Mwenye kuandika "nyumba ya kukaa" hali anapangisha wageni, naye ameifunika nafaka iliyolowa kwa iliyo kavu.

Na nyumba nyingi kati ya hizi si mali ya mtu mmoja. Ni mirathi. Ndugu akaaye humo ndiye apokeaye wageni, lakini ikiungua, imeungua pia haki ya dada aliyeolewa mbali na haki ya yatima ambaye bado hajabaleghe. Uzembe wa mmoja huwa dhuluma kwa wote.

Wako wenye kutegemea kinga nyingine mbili. Ya kwanza ni ahadi ya kampuni ziletazo wageni. Airbnb, kwa mfano, huahidi kulipa hadi dola milioni 3 kwa uharibifu ufanywao na mgeni. Lakini kampuni yenyewe yaeleza kuwa ahadi hiyo si bima. Mwenye nyumba hana budi kudai ndani ya siku 14 tangu mgeni alipoondoka, na kuonesha ushahidi. Na mgeni aliyepatikana kwa njia nyingine hahusiki nayo kabisa. Ya pili ni bima ya safari ambayo wageni wa nchi za nje waingiao Zanzibar walianza kutakiwa kuikata tarehe 1 Oktoba 2024, kwa dola 44. Hiyo yamtazama mgeni mwenyewe, maradhi yake na mizigo yake. Haikujengei ukuta wako.

Wapo pia waikimbiao bima kwa uchaji Mungu, na hofu yao ina msingi. Mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jeddah, likaamua kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharari kubwa, kwa hiyo ni haramu. Likaelekeza badala yake bima ya ushirika, iliyosimama juu ya kuchangiana na kusaidiana. Hii ndiyo takaful. Washiriki hutia michango yao katika mfuko mmoja kwa nia ya kutoa. Msimamizi huuendesha kwa ujira. Apatwaye na msiba husaidiwa. Na ziada hugawanywa kama walivyopatana. Nchini Kenya, Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011. Lakini tukumbuke kuwa mwenye kuuficha ukweli mbele ya mfuko huo huwadhulumu ndugu zake waliochanga.

Basi yatupasa tufanye nini? Kwanza, tupate radhi ya warithi wote. Pili, tuieleze kampuni kwa maandishi kuwa twapangisha wageni wa siku chache, tukatake jibu la maandishi. Tatu, tuulize kama bima yamhusu na mgeni atelezaye ngazini akavunjika mguu, kwani dai lake laweza kuizidi bei ya vyombo vyote vya nyumba. Nne, tuitaje thamani ya kweli ya kuijenga nyumba upya. Ikiwa ujenzi wataka shilingi milioni 10 nasi tumeikatia bima ya milioni 5, moto ukaharibu cha milioni 2, kwa sharti lililo katika hati nyingi tutalipwa milioni 1 tu.

Ada itapanda kwa ukweli huo, hapana shaka. Na ipande. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Aliyetoa habari ya uongo hakufunga kitu. Ameshika kamba mkononi, na ngamia amekwenda zake.

Wabillahi tawfiq.