Barua ya Wazi kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi: Miaka Mitatu Isiyo na Mwenyewe

Kwa: Msajili, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Dodoma
Yah: Mahali pa kujifunzia kazi kwa mhandisi mhitimu

Mhitimu wa uhandisi Tanzania hutoka chuoni na shahada ya miaka minne, lakini sheria haijamtambua bado kuwa mhandisi kamili. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 inamweka katika daraja la mhandisi mhitimu. Ili apande kuwa mhandisi mtaalamu, hana budi kufanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa, aweke kumbukumbu za kila anachojifunza, kisha apimwe. Sharti hilo ni la haki. Anayesaini mchoro wa daraja anabeba maisha ya watakaolipita, na uzito huo haufundishiki darasani peke yake. Kasoro iko penginepo: sheria imempa mhitimu muda, haikumpa mahali. Afanye kazi wapi, chini ya nani, na kwa ujira gani, hayo yameachwa kwa bahati yake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973, wahitimu wake hawakuzunguka mjini na bahasha za kaki. Serikali iliwapangia kazi wizarani na katika mashirika ya umma: shirika la umeme la TANESCO, Shirika la Reli, kampuni ya ujenzi ya MECCO, viwanda vya nguo vya Urafiki na Mwatex, kiwanda cha zana za kilimo cha UFI pale Ubungo. Humo kijana alimkuta mhandisi mkuu wa kumkosoa, fundi mchundo wa kumfundisha yale ambayo vitabu havina, na karakana yenye mashine za kukereza vyuma. Mwaka 1992 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na katika miaka iliyofuata mengi ya mashirika hayo yaliuzwa, yakapunguza watu au yakafungwa. Viwanda vilipata wanunuzi. Kazi ya kulea wahandisi wachanga haikupata mnunuzi, na hakuna aliyekabidhiwa. Hivyo sheria ya mwaka 1997 ilidai malezi wakati walezi wanatawanyika.

Pengo lenyewe huonekana vizuri zaidi kwenye saiti. Chukua jaribio la kupima ulaini wa zege, ambalo mafundi huliita slampu. Koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 hujazwa zege kwa matabaka matatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25 kwa ufito wa chuma. Koni huinuliwa taratibu, zege hushuka, na mshuko wake hupimwa kwa rula. Chuoni kundi zima la wanafunzi hugawana koni moja: mmoja ashindilie, mmoja aandike, waliobaki watazame. Kwenye saiti gari la zege linapoingia, mhandisi ndiye anayeamua limwagwe au lirudishwe, huku dereva hajazima injini na foremani anamkumbusha kwamba vibarua wamekaa tu na jua linapanda. Vipande vya majaribio vitavunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28, na hapo ndipo atajua kama aliamua sawasawa. Ujasiri wa kutamka “rudisha” ukiwa na umri wa miaka 25 mbele ya watu waliomwaga zege kabla hujazaliwa ndio uzoefu ambao matangazo ya kazi yanaudai. Mafunzo kwa vitendo ya wiki chache za likizo huuonjesha tu.

Kazi za umma kwa mhandisi mchanga ziko kwa wakala wa barabara TANROADS na TARURA, wakala wa maji vijijini RUWASA, TANESCO, Shirika la Reli na halmashauri, na nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwombaji hutuma vyeti vyake kwenye mfumo, akiitwa hufanya usaili wa mchujo kwa maandishi, akivuka huitwa kwenye mahojiano. Utaratibu huo umepunguza kujuana, na unastahili kulindwa. Lakini haubadili hesabu ya wanaosubiri. Mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa na wenye vyeti vya kughushi, na waliohitimu wakati huo wakajikuta kwenye foleni moja na wadogo zao. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi zaidi ya 130,000. Wahandisi ni sehemu ndogo ya umati huo, ila hupita mlango uleule.

Katika kampuni binafsi ukuta ni wa aina nyingine. Tangazo linataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu na usajili wa kitaalamu, wakati usajili huo haupatikani bila miaka mitatu ya kazi. Mhitimu anadaiwa cheti kinachopatikana kazini ili apewe kazi.

Njia inayobaki ni kujitolea. Mhitimu anapokelewa saiti bila mshahara, pengine kwa nauli na chakula cha mchana, akitumaini kwamba siku moja jina lake litaingia kwenye karatasi ya malipo. Wapo waliofanikiwa hivyo, na bidii yao haipaswi kudharauliwa. Ila lazima iulizwe ni nani anayeweza kujitolea mwaka mzima Dar es Salaam. Anaweza yule mwenye mjomba Tabata wa kumpa chumba na sahani. Mtoto wa mkulima wa Kasulu au Newala hawezi hata kama ndiye aliyeongoza darasa. Atarudi kwao, au ataendesha bodaboda, au atauza vifaa vya sola, na kila mwaka unaopita hesabu za mihimili na fremu zinamtoka kichwani. Fani inajikuta ikichagua wahandisi wake kwa uwezo wa nyumba walizozaliwa. Deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nalo humsubiri: miezi 24 baada ya kumaliza anatakiwa aanze kulipa, awe na ajira au asiwe nayo. Serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021, na nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini mkopo wenyewe uko palepale.

Bodi haikukaa kimya. Mwaka 2003 ilianzisha mpango wa mafunzo ya miaka mitatu kwa wahandisi wahitimu, unaojulikana kwa kifupi chake cha SEAP, ambao humwunganisha mhitimu na mwajiri na mhandisi mlezi. Norway iliwahi kugharimia wahandisi wanawake ndani ya mpango huo, msaada uliogusa mahali panapouma, kwa sababu msichana hukutana kwenye saiti na maswali ambayo mwenzake wa kiume haulizwi. Mpango huu ndio kitu bora kilichopo. Udhaifu wake ni kusimama juu ya fedha za bajeti, ambazo hubadilika kila mwaka, na juu ya hiari ya waajiri.

Na wakati huohuo nchi haijawahi kujenga kama inavyojenga sasa. Reli ya kisasa inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Makandarasi wakuu wa kazi hizo walitoka Uturuki, Misri na China. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha kazi ya mgeni kwa Mtanzania, na hilo ni jema. Ila mrithi wa mhandisi mkuu huwa ni mtu mwenye uzoefu tayari. Mhitimu wa mwaka jana hamo katika hesabu hiyo.

Atakuwamo siku atakapoandikiwa mstari kwenye jedwali la gharama za mkataba. Jedwali hilo ndilo hutawala mwenendo wa kandarasi. Huwa na bei ya kambi, ya gari la msimamizi, hata ya bango linalosimikwa kando ya barabara. Kilichopangiwa bei hufanyika, kwa kuwa mkandarasi hulipwa kwacho. Kisichopangiwa huwa mzigo, naye huukwepa. Mstari wa wahandisi wahitimu, wenye idadi ya watu, posho yao na muda wao, haufai kutegemea utashi wa mwenye mradi. Uwe sharti katika kila mkataba wa ujenzi wa fedha za umma unaozidi kiwango ambacho Bodi na Wizara zitakubaliana, na malipo yake yatoke baada ya mhandisi mlezi kusaini kumbukumbu za mafunzo.

Kazi ndogo nazo zisisahauliwe. Kanuni za ununuzi za mwaka 2024 zimewatengea makandarasi wa ndani miradi ya ujenzi isiyozidi shilingi bilioni 50. Mkandarasi aliyesajiliwa katika ngazi za chini anaweza kuwa na kalavati la kujenga wilayani lakini hana mhandisi wa kumlea mhitimu. Wako wahandisi wastaafu waliolelewa na mashirika yaleyale ya zamani, wenye usajili na wenye nguvu bado. Mmoja wao anaweza kuzunguka saiti nne au tano za wilaya, na miezi ya mafunzo ikahesabiwa. Kwa wahandisi wa umeme, mitambo na kemikali, ambao maisha yao yako viwandani, Bodi iishauri Hazina impunguzie tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwajiri atakayewapokea.

Mengine yatahitaji kanuni mpya na muda. Lipo moja lisilohitaji: Bodi itangaze kila robo mwaka, kwa kila mkoa na kila fani, idadi ya wahitimu iliowasajili, walio kwenye mafunzo na wasio na mahali. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, na nyaraka za zabuni huandaliwa mapema. Bodi inaombwa ihakikishe kwamba katika zabuni za mwaka ujao mstari wa mhandisi mhitimu umo.