Ampli ya lampe iuzwe ikiwa imefunguliwa

Kuna biashara moja ambayo kila kwaya, kila orkestra na kila parokia ya Kivu na Ituri ingepaswa kuikataa: kununua ampli ya gitaa ya zamani, ile ya lampe, huku mgongo wake ukiwa bado umefungwa kwa visi. Muuzaji anaiwasha dakika mbili. Taa ndogo inawaka, mtu anagusa kamba, sauti inatoka, na kamati inaanza kuhesabu dola. Pesa hizo mara nyingi ni matoleo, na ndani yake zimo franga za mama aliyekimbia kijiji chake na mtoto mgongoni na leo anauza ndizi kando ya barabara. Baada ya wiki mbili ampli inatoa moshi, muuzaji hajulikani aliko, na watu wanasema: ilikuwa nzee.

Uzee unasingiziwa. Ampli iliyotoka kiwandani miaka 50 iliyopita inaweza kupiga Jumapili nzima ikiwa mtu ameitunza, na nyingine ya umri huohuo inaweza kumuua mpiga gitaa. Kwa nje zote mbili zinafanana. Tofauti iko ndani, na ndani ndiko muuzaji hataki watu watazame.

Wanaopenda mashine hizi wasichekwe. Mwaka 1953 mpiga gitaa wa Ubelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville kufanya kazi na studio ya CEFA, na anakumbukwa kama mtu aliyeleta huko gitaa ya umeme. Kizazi cha Franco na Docteur Nico kilikomaa mbele ya ampli za lampe, juu wakati ule transista ilikuwa bado changa. Rumba ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021 ilikomaa katika moto wa vioo hivyo. Na masikio hayadanganyi: lampe ikisukumwa kupita nguvu yake haikati sauti ghafla, inaikunja pole pole, na sebene inabaki na utamu hata mpigaji akiongeza mkono. Shida inaanza pale utamu huo unapogeuzwa kuwa jina la kulipia. Kamati inaona neno Fender au Vox mbele, inasahau kuuliza kilicho nyuma.

Wengine wanajibu kwamba dawa ni rahisi: tupa hizo takataka, nunua mpya. Ndiyo maana ampli nzuri zinaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wanaozivunja ili kutoa shaba ya transfo. Hiyo nayo ni hasara, tena kubwa. Ampli mpya ya bei ya chini imejaa vipande vidogo kama punje za mtama, vimebandikwa kwenye kibao kimoja. Kipande kimoja kikiungua, fundi wa mtaani hana pahali pa kukipata na hana ramani, kwa hiyo mashine yote inatupwa. Ndani ya ampli ya lampe kila kipande kinaonekana na waya zinafuatika kwa kidole. Lampe yenyewe inachomolewa kwa mkono kama balbu. Ile ndogo iliyoandikwa ECC83 ni ileile ambayo Wamarekani wanaiita 12AX7, na hadi leo inatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Fundi aliyejifunza kwa kutengeneza redio za zamani anaweza kuifufua. Transfo ambayo mtu wa chuma anaipima kwa kilo ndicho kipande ghali kuliko vyote vingine ndani ya sanduku.

Basi, ifunguliwe. Na kamati iangalie nini?

Kwanza kibandiko cha voti. Hapa kwetu umeme ni voti 220. Ampli iliyouzwa Marekani ilijengwa kwa voti 110 hadi 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye prizi ya Goma au Butembo inapokea karibu mara mbili ya inachohitaji. Fyuzi inakatika, na hapo ndipo ujinga unapoanza: mtu anakunja waya ya shaba au karatasi ya sigara, anaiweka pahali pa fyuzi, anawasha tena. Sasa kinachoungua ni transfo. Ampli nyingi za Ulaya zina kichaguzi cha voti nyuma. Kisogezwe kabla ya kuchomeka, kwani mtu aliyeitumia mwisho anaweza kuwa alikuwa nchi nyingine. Ile ya Marekani inahitaji transfo ya kushusha voti yenye nguvu ya kutosha. Kwa ampli inayokula wati 150, transfo ya wati 300 haipumui kwa shida. Bei ya transfo hiyo ni sehemu ya bei ya ampli, na muuzaji anayeinyamazia anajua anachofanya.

Pili ni kondensateri kubwa za kusafisha umeme, zile zenye umbo la chupa ndogo. Ndani yake mna maji maji ambayo yanakauka na miaka. Zikikauka ampli inanguruma hata gitaa isipochomekwa. Zikivimba au kuvuja chumvi nyeupe, siku zake zimehesabiwa. Kuzibadilisha zote ni kazi ya kawaida katika ampli ya umri huo. Kwa hiyo muuzaji anayejisifu kwamba ndani hajagusa mtu tangu kiwandani anamwambia mnunuzi kwamba matengenezo yote bado yanamngoja yeye.

Tatu, ijaribiwe kwa balbu. Fundi anaunganisha balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, ili umeme upite ndani yake kabla ya kufika kwenye ampli. Balbu za kisasa za LED hazifai. Lampe kubwa zinatolewa kwanza. Swichi ikiwashwa, balbu inamulika kidogo kisha inafifia: vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, ndani kuna njia fupi, na balbu imeokoa transfo. Kifaa hicho kinagharimu kidogo sana. Fundi asiyekuwa nacho anajaribu mashine za watu kwa bahati.

Halafu iachwe ipige saa nzima, bafle ikiwa imeunganishwa, juu ampli ya lampe ikipigwa bila bafle inaweza kuunguza transfo ya kutokea. Dakika mbili hazionyeshi kitu. Kasoro nyingi zinangoja joto. Chuma kilicho ndani ya lampe kubwa kikianza kuwa chekundu, izimwe palepale.

Lakini jambo ambalo halina mjadala ni waya ya ardhi. Ampli nyingi za zamani za Marekani zilikuja na fishi ya miguu miwili tu, na ndani yake kuna kondensateri ndogo inayounganisha umeme wa ukutani na sanduku la chuma. Ikiharibika, sanduku linabeba umeme. Kamba za gitaa zimeunganishwa na sanduku hilo. Mpigaji anashika kamba, anasogeza mdomo kwenye mikro ambayo inatoka katika mashine nyingine, na mwili wake unakuwa waya. Mei 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey alikufa hivyo mbele ya watu waliokuja kusikiliza muziki, aliposhika mikro iliyokosa ardhi. Ukumbi ulikuwa wa mji tajiri wenye mafundi wa kutosha. Chini ya hema la turubai, na udongo umelowa mvua, na jenereta ya kuazima, nani anathubutu kusema ardhi itaangaliwa kesho?

Dawa yake inajulikana: kondensateri ile inatolewa, waya mpya ya nyuzi tatu inafungwa, na ya tatu inabanwa kwenye chuma cha sanduku. Kisha waya hiyo ifike udongoni kweli. Goma, pahali mitaa mingi imekaa juu ya mawe ya volkano, kupigilia chuma cha ardhi ni kazi ngumu, na wajenzi wengine wanaweka prizi ya matundu matatu ambayo la tatu halikuunganishwa popote. Transfo nyingi ndogo za kushusha voti nazo zina matundu mawili tu, kwa hiyo zinakata ardhi njiani. Fundi apime kwa multimetri badala ya kutazama umbo la prizi. Na kijana anayekata mguu wa tatu wa fishi ili mngurumo upungue anyang'anywe koleo. Huyo anaondoa kelele kwa kuhatarisha mwimbaji.

Mafundi nao hawapo nje ya lawama. Kuna wanaoona kila ugonjwa ni wa lampe. Wanabadilisha zote, wanadai bei ya zote, wanabaki na za zamani, na nyingine zilikuwa nzima. Lampe inabadilishwa baada ya kujaribiwa. Inayolia ikigongwa kidogo na kalamu inajulikana, na iliyotolewa inarudishwa mikononi mwa mwenye mali. Katika ampli nyingine lampe kubwa mpya hazifanyi kazi vizuri hadi umeme wake upimwe na kurekebishwa. Fundi asiyejua kazi hiyo aseme, hakuna aibu. Na asimwachie mwanafunzi wake kuifungua peke yake: ndani kuna voti 300, hata zaidi ya 400, nazo zinabaki ndani ya kondensateri baada ya fishi kutolewa ukutani. Zinapaswa kumwagwa kupitia rezistansi na kupimwa kabla ya kidole kuingia.

Kwa familia zilizo kambini, ukweli mwingine usemwe bila kuzunguka. Ampli ya lampe inakula umeme hata wakati hakuna anayepiga. Betri ya risasi ya voti 12 na saa-ampea 100, ambayo haifai kumalizwa zaidi ya nusu, inatoa karibu wati-saa 600. Ampli ya wati 150 ingeimaliza kwa muda usiofika saa nne, na kuna simu za watu wa kuchaji. Pale pahali umeme ni wa paneli moja, ampli ndogo ya transista inayotumia betri ndiyo inayofaa, na kiongozi wa kwaya anayelazimisha ile kubwa kwa sababu ya fahari anawaweka watu gizani. Ile ya lampe ingoje pahali penye umeme wa kudumu na stabilizateri.

Ikiwa kwaya inayo tayari na inabidi kuhama, lampe zichomolewe zikiwa baridi, kila moja iandikwe namba ya tundu lake na kufungwa kwa kitambaa. Ampli yenye bafle mbili inaweza kupita kilo 30, na barabara zetu na pikipiki havina huruma kwa kioo.

Kamati zisaini karatasi: bei, namba ya mashine, voti zake, siku ya kujaribiwa, jina la muuzaji na la fundi aliyeifungua, na nusu ya pesa ibaki kwa mtunza hazina kwa mwezi mmoja. Muuzaji aliyetunza mashine yake ataleta tournevis yeye mwenyewe. Akisema visi vimeshika kutu na havifunguki, arudi nayo nyumbani.